Kopo Nililolipeleka kwa Mzazi

Kopo la kwanza la maziwa nililinunua mimi. Ninaanza hapo kwa sababu kila ninapokisimulia kisa hiki, wasikilizaji hukimbilia kumlaumu mavyaa, au mume, au binti mwenyewe aliyekuwa na mtoto mikononi. Mume alikuwa kazini, mavyaa hakuwa na hela, na binti hakuomba kitu. Ni mimi, jirani wa ua mmoja, mama wa watoto wanne wakubwa, niliyeteremka hadi barabara kuu ipandayo Ijenda, nikaingia dukani, nikaonyesha kwa kidole rafu ya juu nyuma ya muuzaji.

Ulikuwa mwezi wa saba. Wakati huo Musaga, mtaa wetu wa Bujumbura, huwa vumbi tupu. Milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa hupotea machoni, na mabomba ya mtaani kwetu yalikuwa yakitoa maji saa nane za usiku, tena si kila usiku. Msomaji asiyasahau hayo maji.

Binti alikuwa na miaka 21 na huo ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Alijifungua salama, mtoto wa kike wa kilo 3.1, na hakulipa kitu, maana tangu Mei 2006 serikali ya Burundi iliondoa malipo ya kujifungua na ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Siku ya pili alikuwa nyumbani, katika chumba ambacho ukuta wake mmoja ndio ukuta wangu.

Usiku wa tatu mtoto alilia. Alinyonya, akaachia, akasinzia dakika kumi, akaanza upya, hivyo hivyo tangu saa mbili mpaka jogoo. Mavyaa aliwasha taa, akamminya mkamwana wake titi kwa vidole viwili, akasema, "Mwanangu, humu hamna kitu."

Nililisikia neno hilo kupitia ukuta, na leo naamini lilifanya madhara zaidi kuliko kopo langu. Kuanzia usiku ule binti hakusema tena "mtoto analia." Alisema, "Sina maziwa."

Sasa niseme tulichokuwa tukikitazama bila kukijua. Tumbo la mtoto wa siku moja hubeba kijiko kimoja cha chai, kimoja na nusu, kwa mlo. Kinachotoka kwenye titi siku hizo ni dang'a, mazito, ya rangi ya njano, machache, yenye kinga ya magonjwa ambayo hakuna kopo lililo nayo. Maziwa mengi huingia kati ya siku ya pili na ya nne, na kwa uzazi wa kwanza huweza kuchelewa zaidi kidogo. Titi laini la siku ya tatu halimaanishi titi tupu. Na mtoto anayenyonya usiku kucha wakati huo anatuma agizo. Kila anapovuta, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini inayotengeneza maziwa, ambayo hupanda zaidi usiku, na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Usiku ule tuliouita usiku wa njaa ulikuwa usiku wa kazi.

Kuna mama anayeteremka kila asubuhi na mafungu ya lengalenga kutoka milimani juu yetu. Hafungi mafungu kwa kukisia. Akiuza ishirini leo, kesho anakuja na ishirini na mawili. Akirudi na kumi kichwani, kesho anachuma kidogo. Titi la mama ndivyo lilivyo. Maziwa yanapoondolewa, hutengenezwa haraka. Yanapobaki ndani, mwili huelewa kuwa mteja amepungua, nao hupunguza. Mtoto akishibishwa kwa njia nyingine, mafungu hubaki, na kesho yake huchumwa machache. Ningelijua hili, nisingeliteremka barabarani.

Lakini kwanza walikuja wenye vyungu. Desturi yetu ya kumhemba mzazi ni njema na sitaki iguswe: watu huja na igikoma, yaani uji wa moto, ndagala, isombe, yaani kisamvu, maharagwe, hushika mtoto, huombea. Mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi na kunywa kila akisikia kiu. Tatizo ni kwamba kila aliyeingia na sahani aliingia pia na dawa. Mmoja alileta urwarwa, akasema pombe ya ndizi hufungua mishipa ya maziwa. Mwingine akasema urwarwa ni kali, afadhali bia, glasi mbili jioni. Binti hakuwahi kunywa maishani mwake. Alikunywa, kwa ajili ya mtoto.

Imani hii ya pombe na maziwa hata Ulaya ipo, nayo imepimwa. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Philadelphia, Julie Mennella na Gary Beauchamp, walichapisha matokeo yao: baada ya mama kunywa pombe, mtoto huvuta mara nyingi zaidi mwanzoni lakini hupata maziwa machache. Pombe huizuia oksitosini, yaani hufunga mlango wenyewe tunaodhani inaufungua. Uso wa mama hutulia, watu wa nyumbani husema dawa imefanya kazi, kumbe mtoto amekwenda kulala na chakula pungufu.

Bibi mmoja mwenye ndugu mtaa wa Buyenzi alileta uwatu, akaagiza uchemshwe asubuhi na jioni. Huko Buyenzi, kama ilivyo pwani yote ya Waswahili, uwatu una heshima yake kwa wazazi, na simdharau aliyeuleta. Ila utafiti uliofanywa juu yake ni mdogo na majibu yake hayakubaliani. Tena uwatu huweza kushusha sukari ya mwilini na kumlegeza mtoto tumbo. Mwenye kisukari au anayetumia dawa ya kuyeyusha damu asiuguse kabla ya kumwuliza daktari. Na hakuna jani wala mbegu inayoweza kuchukua nafasi ya mdomo wa mtoto.

Sasa kopo. Asubuhi ya siku ya nne nilibisha hodi nikiwa nalo ndani ya kitenge, pamoja na chupa yenye chuchu ya mpira. Nilichemsha maji mwenyewe. Mtoto alikunywa, akalala saa nne mfululizo. Binti alilala. Mavyaa alilala. Mimi nilirudi kwangu nikijiona nimeokoa nyumba, na usingizi wangu wa mchana ule ulikuwa mtamu. Nalikumbuka hilo kwa uchungu kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Jioni ile ile maziwa yaliingia. Matiti yalijaa, yakauma, na mtoto aliyeshiba kopo hakutaka kuyavuta. Tukamwambia binti avumilie, yatapungua. Yakapungua kweli. Baada ya wiki moja mtoto alipowekwa titini alilia, akajikunja mgongo, maana chupa humiminika bila kazi na titi hudai kazi. Kila alipokataa, tulimwongezea kopo. Kila tulipoongeza kopo, titi lilitengeneza kidogo. Na kila titi lilipotoa kidogo, mavyaa alinigeukia: "Unaona? Tangu mwanzo nilisema." Nami nilikubali kwa kichwa. Ushahidi tuliokuwa tukiushika ni ule tulioutengeneza wenyewe.

Hesabu ya kopo nayo ilitukamata. Kopo la gramu 400, likichanganywa kama maandishi yake yanavyotaka, humtosha mtoto wa mwezi mmoja siku nne au tano. La pili alinunua mume, kwa mkopo dukani. La tatu lilipotakiwa, mwezi ulikuwa haujaisha. Hivyo vipimo vikapungua, kijiko kikawa nusu kijiko, maji yakawa mengi, na kopo la siku tano likafika siku ya kumi na mbili. Hakuna aliyekusudia kumlaghai mtoto. Ndivyo tunavyofanya na sukari, na mafuta, na sabuni. Na yale maji ya saa nane za usiku, yaliyokaa kwenye dumu siku mbili tatu, hayakuchemshwa kila mara, kwa sababu makaa nayo hununuliwa.

Wiki ya tano mtoto aliharisha. Siku ya kwanza tulisema ni meno, mtoto wa wiki tano! Siku ya pili alikuwa halii tena, na mavyaa, ambaye kwa wiki zote hizo alikuwa akiogopa kilio, sasa aliogopa kimya. Alikuja umuremeshakiyago wetu, mhudumu wa afya wa mtaa, mama asiye na mshahara mkubwa wala maneno mengi. Alipitisha kiganja juu ya utosi wa mtoto, akaona umebonyea. Akauliza mara ngapi amekojoa tangu jana. Hakuna aliyejua. Akasema, "Twendeni sasa hivi, msisubiri baba yake."

Kwenye mizani ya kituo cha afya mtoto alikuwa na kilo 3.2. Mtoto mchanga hupungua kidogo siku za mwanzo, lakini kufikia wiki mbili hutakiwa awe amerudisha uzito wa kuzaliwa, na baada ya hapo aongeze angalau gramu 150 kwa wiki. Huyu alipaswa kuwa na angalau kilo 3.5 hivi. Kwa wiki tano alikuwa ameongeza uzito wa yai moja na nusu la kuku. Katika nchi ambako uchunguzi wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta watoto 56 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wiki tano za maziwa mepesi si jambo dogo.

Walimpa ORS kwa kijiko, taratibu, na zinki nusu kidonge kwa siku. Tulikaa huko siku mbili. Siku ya pili, mtoto alipofungua macho vizuri, mkunga mmoja wa makamo alivuta kiti, akakaa mbele ya binti, akasema, "Mama, nionyeshe anavyonyonya."

Wiki tano, na hilo hakuna aliyekuwa amelisema. Tuliangalia sahani, glasi, chungu na rafu ya duka. Hatukuangalia mdomo wa mtoto.

Mkunga aliona mara moja. Mtoto alikuwa akishika ncha ya chuchu peke yake, kichwa kimegeuzwa pembeni, mwili umeelekea juu. Ndiyo maana chuchu zilikuwa na michubuko, ndiyo maana binti alikunja uso kila alipomweka. Akamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mama yake, pua ikielekea chuchu, akangoja mdomo ufunguke kama anayepiga miayo, kisha akamvuta karibu mpaka sehemu nyeusi ya titi ikaingia, ya chini zaidi kuliko ya juu, na kidevu kikagusa titi. Tukasikia mmezo. Mmoja, kisha kimya, kisha mwingine. Binti alinitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

Mambo aliyoagiza hayakuhitaji fedha. Mtoto avuliwe nguo, awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe kwa kitenge, saa nyingi kadiri iwezekanavyo. Anyonye mara nane hadi kumi na mbili kwa siku na usiku, na usiku usirukwe. Titi moja limalizwe ndipo apewe la pili. Akishasinzia, mama akamue kwa mkono yaliyobaki: kidole gumba juu, vidole vingine chini, nyuma ya ile sehemu nyeusi, asukume kuelekea mbavu, kisha abane na kuachia, bila kuteleza juu ya ngozi. Yaliyokamuliwa apewe mtoto kwa kikombe kidogo. Chupa ilikwenda kabatini kwake, hakuirudisha.

Kopo hakulikatisha siku ile, na hapa nataka nisikilizwe vizuri. Mtoto aliyedhoofika hawezi kuachwa na njaa kwa jina la kanuni. Titi kwanza kila mara, alisema, kisha maziwa ya kopo yaliyochanganywa kwa kipimo kamili, kwa kikombe, na kila baada ya siku chache tutapunguza kidogo, mizani ikituruhusu. Aliuliza pia kama binti alitokwa damu nyingi alipojifungua, kama kondo la nyuma lilitoka lote, kama ameanza vidonge vya uzazi wa mpango, maana vile vyenye estrojeni hupunguza maziwa. Wapo kweli akina mama wachache ambao mwili wao hautengenezi maziwa ya kutosha: kipande cha kondo kimebaki, au damu nyingi imepotea na tezi ya ubongoni imeumia, au tezi ya shingo haifanyi kazi, au tishu ya titi yenyewe haikukua. Mama kama huyo anahitaji daktari, na mtoto wake anahitaji kopo lililotengenezwa vizuri, na mama huyo asionewe haya, wala kopo lake. Zipo hata dawa za hospitali za kupandisha prolaktini, lakini baadhi yake hugusa mapigo ya moyo. Hazinunuliwi kwa kusikia kwa jirani.

Binti hakuwa mmoja wao. Siku ya tatu matiti yalianza kuwa mazito asubuhi. Wiki ya pili kopo lilibaki la jioni tu. Wiki ya tatu liliisha na hatukununua jingine. Mtoto alipofika wiki ya tisa mizani ilisema kilo 4.1, na mavyaa alimwomba mkunga aisome mara ya pili.

Niliwahi kudhani ujinga huu ulikuwa wetu wa uani. Baadaye nilisoma juu ya Derrick Jelliffe, daktari wa watoto aliyefundisha Makerere, Kampala, miaka ya 1960, ambaye baadaye alibuni jina la utapiamlo unaoletwa na biashara, akimaanisha watoto waliodhoofika kwa maziwa ya kopo yaliyouzwa kwa watu wasio na maji safi wala fedha za kuyanunua ya kutosha. Mwaka 1977 watu wa Marekani waliigomea kampuni ya Nestlé kwa ajili hiyo. Mei 1981 mataifa yalikutana Geneva yakapitisha kanuni ya kuzuia matangazo ya maziwa hayo kwa umma: 118 yalikubali, moja tu likakataa, Marekani. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012. Ninaziheshimu kanuni hizo. Lakini kopo langu halikuletwa na tangazo. Lilibebwa ndani ya kitenge na mwanamke aliyempenda yule binti, na hakuna sheria inayonisimamisha mlangoni.

Kirundi hakichanganyi maziwa haya. Ya ng'ombe ni amata, ya mama ni amaberebere, kutoka ibere, titi. Wazee waliotenganisha majina hayo mawili walijua jambo. Nasi tulimletea mzazi kila kitu isipokuwa kile ambacho amaberebere hutengenezwa nacho. Nilikaa nikahesabu siku zile tano za mwanzo. Binti alikuwa akiamka kuchota maji usiku wa manane, akifua nepi, akiwapikia wageni waliokuja kumpongeza, akimweka mtoto chini ili asonge ugali. Mara kumi na mbili za kunyonyesha kwa siku, kila mara dakika ishirini au thelathini, ni saa nne hadi sita za kukaa. Nani alimpa hizo saa? Mavyaa alikuwa na magoti mabovu. Mume alirudi giza limeingia. Nami, mwenye mikono miwili na siku nzima, nilitoa hela ya kopo, kwa sababu hela hutolewa mara moja na mtu akarudi kwake.

Yapo mambo ambayo sasa nawaambia wazazi wa mtaani bila kuulizwa. Kuanzia siku ya tano, nepi sita zilizolowa au zaidi kwa siku na usiku, mkojo mweupe usio na harufu kali, na mtoto anayemeza ukisikia, maana yake maziwa yapo, hata kama titi ni laini, hata kama mtoto analia jioni. Nepi chache, mkojo wa njano iliyokolea, mtoto anayelala tu na hataki kuamshwa, uzito usiorudi kufikia wiki ya pili, hapo usiende dukani wala kwa mwenye uwatu. Nenda akapimwe leo.

Miaka miwili ikapita. Binti alijifungua tena, mvulana, na usiku wa tatu nilimsikia analia kupitia ukuta ule ule. Ananyonya, anaachia, anaanza upya. Nilikaa kitandani moyo ukinidunda. Kisha nikasikia sauti ya mavyaa, nzito ya usingizi: "Mpe na lile lingine, mwanangu. Anaita maziwa."

Saa nane bomba lilianza kukoroma. Nilichukua madumu yao mawili kwanza, nikayajaza, nikayaweka mlangoni polepole ili yasigonge. Kulipopambazuka nilichukua beseni la nepi, nikafua, nikaanika kwenye kamba ya uani, nikawasha moto wao, nikabandika uji. Binti alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani chini ya kitenge, macho mekundu kwa kukesha. Aliniuliza kama nina haraka.

Nikamwambia sina.